Masharubu ya Kumzikia Mama

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nimezaliwa Kimali huko Meatu, nyumba ya nyasi, nimeacha shule darasa la nne nikachunge ng'ombe wa watu, na leo ukishuka stendi ya Bariadi ukauliza duka la Masharubu, hata mtoto wa chekechea atakunyooshea kidole. Nauza majembe, plau, minyororo ya maksai, bomba za kupulizia na dawa yenyewe ya pamba. Nilianza kwa kuuza chumvi juu ya baiskeli ya kuazima. Nimeona ukame ukimaliza zizi langu lote, nikala na nikalala. Nimeona ghala langu likiungua, asubuhi yake nikafungua duka kama kawaida. Nilikuwa nawaambia watu, dunia imeshanionyesha vyote, imebaki kurudia.

Naandika haya kwa sababu yako wewe uliyefunga kitambaa kichwani, au uliyevaa kofia ndani ya nyumba yako mwenyewe. Mimi nilivaa. Nilivaa hata nikila.

Kwanza ujue masharubu yangu. Hayakuwa ya mchezo. Yalikuwa mazito, meusi, yamejikunja ncha zote mbili kama pembe za dume. Fundi aliyachora ukutani mwa duka langu, masharubu tu bila uso, na mtu asiyejua kusoma alifika bila kupotea. Watu wakinitania, "Utayanyoa lini hayo?" nilikuwa na jibu moja, nimelisema dukani, mnadani na kwenye harusi za watu: "Masharubu haya hayanyolewi mpaka siku ya kumzika mayu." Mayu ndiyo mama kwetu Wasukuma. Kwetu mzazi akifa watoto hunyolewa, na mimi nilitaka kila mtu ajue kwamba hakuna mwingine duniani ninayeweza kumvulia kitu kile. Watu wakacheka, wakalishika. Lilikwenda mpaka Maswa, mpaka Itilima, likafika na Kimali. Mayu mwenyewe alilipenda. Aliwaambia wenzake, "Masharubu yale ni yangu, kayafuga tu."

Ilianza wakati wa kupulizia pamba. Nilikuwa nanawa uso, mkono ukapita juu ya mdomo ukateleza. Nikaenda kwenye kioo. Upande wa kulia pana duara, laini kama goti la mtoto, hakuna kinyweleo hata kimoja. Haliwashi, haliumi. Mke wangu Minza akasema ni mapunye. Duka la dawa wakanipa mafuta ya mapunye, nikapaka asubuhi na jioni. Duara likaongezeka. Likaja lingine kidevuni, halafu kichwani yakaja mengi, na kila nikiamka mto una nywele kama pale alipolala mbuzi. Mimi nikasema ni dawa ya pamba, si naipumua dukani kila siku? Nikamwambia Minza auze yeye, mimi nikakaa nje. Nywele zikadondokea nje.

Msimu wa kununua pamba ulipofunguliwa, kichwa kilikuwa kama shamba lililopitiwa na viwavi. Nikaona aibu ya vipande ni kubwa kuliko aibu ya kukosa. Siku moja asubuhi nikachukua wembe nikamaliza vyote vilivyobaki, kichwa, kidevu, na ile ncha moja ya masharubu iliyokuwa imekomaa upande wa kushoto. Nikafungua duka.

Mteja wa kwanza alikuwa mzee mmoja wa Meatu tuliyezoeana. Alifika mlangoni, akaniona, akavua kofia.

"Mwangaluka, Masharubu."

"Mwangaluka, mzee. Karibu."

"Aisee, pole sana. Mbona hamkututangazia?"

"Kutangaza nini?"

"Si mayu."

"Mayu mzima. Juzi nimeongea naye, anakula ugali kunishinda mimi."

Akaniangalia mdomo. "Sasa masharubu?"

"Yamedondoka."

"Acha bwana. Masharubu hayadondoki. Hayo siyo maembe."

Nilimweleza mpaka nikachoka. Akanunua shoka lake, akaondoka anatingisha kichwa. Lakini huyo alikuwa mmoja aliyeuliza. Wangapi walipita barabarani wakaona na hawakuuliza? Mchana Minza alipokea watu watatu waliokuja na pole. Mmoja aliacha hela ya rambirambi juu ya meza, akakataa katakata kuirudisha mfukoni. Na habari ikapanda bodaboda, ikashika njia ya Kimali kabla yangu.

Mdogo wangu Jilala, anayeishi na mayu, ndiye aliyenieleza. Anasema mayu alikuwa amekaa uani anabambua karanga. Akasikia vilio barabarani. Akasimama, akajifunga kanga kiunoni kama anavyofanya mtu wa kwenda msibani. Wanawake wakaingia getini wana unga kichwani, wana kuni, wanalia. Wakamwona. Wakanyamaza wote.

Mayu akauliza, "Mnamlilia nani?"

Wakatua mizigo chini. Akauliza tena. Mmoja, binti wa watu asiyejua kusema uongo, akasema, "Wewe, bibi. Mwanao wa Bariadi kanyoa masharubu."

Jilala akanipigia simu saa ile ile. "Kaka, umefanya nini? Mayu kaingia ndani kafunga mlango."

"Nimefanya nini? Ni ugonjwa!"

"Ugonjwa gani wa kunyoa?"

Nilifika kesho yake. Nimekwenda na sukari, na kanga mbili, na blanketi zito. Nikasimama nje ya mlango wa mama yangu, mimi mwenye duka, mimi niliyemjengea nyumba ile ya bati. Nikabisha. Sauti ikatoka ndani, ya chini.

"Nani?"

"Ni mimi, mayu. Nimekuja unione, ni maradhi tu."

"Una nywele?"

Nikaivuta kofia mpaka masikioni.

"Basi umeshanizika. Mtu aliyezikwa hapokei wageni. Ukiwa na nywele utakuja."

Usidhani alikuwa anatania. Mayu alikuwa anaumwa moyo. Miguu ilikuwa imeanza kuvimba, na pale zahanati walishasema dawa ni za kumpunguzia tu. Mtu wa namna hiyo anawaza kifo chake kila siku, halafu mwanawe wa kwanza anamtangulia kunyoa. Nilimwachia Jilala vile vitu, nikageuza. Njia nzima nilikuwa na wazo moja. Nilitaka nywele kichwani kabla mayu hajaondoka. Sikutaka kitu kingine.

Kiangazi kikaja na vumbi lake. Hapo nyusi zikaondoka, kope zikafuata. Watu hawajui kazi ya nyusi. Mimi nimeijua. Jasho la Bariadi linatoka kwenye paji la uso linaingia moja kwa moja machoni, linachoma kama pilipili. Bila kope, kila kavumbi kanaingia, macho yanakuwa mekundu kutwa. Hata vinyweleo vya puani viliondoka, pua ikawa inachuruzika kama ya mtoto, nahudumia wateja nimeshika leso. Kucha zikaota vishimo vishimo. Minza alinichora nyusi kwa wanja siku ya ibada. Alichora vizuri, nakubali. Ilipofika mahubiri jasho likazishusha mpaka mashavuni, na mtoto wa benchi la mbele akageuka akaanza kulia.

Maneno yakaanza. Wakasema nina ngoma. Dada yake Minza akaja kutoka Binza, akamwita mdogo wake jikoni, nikawasikia. "Kapime, usife kwa ajili ya duka." Minza akamjibu, "Dada, hata yakiwa hayo, wewe ndiye utakayenipikia? Kunywa chai yako." Lakini usiku ule alinigeuzia mgongo, na asubuhi akasema, "Twende tukapime wote." Tukapima. Hakuna kitu. Nikataka kubandika majibu mlangoni mwa duka, Minza akanizuia. Wateja wa majembe wakawa wanaagiza watoto wao waje kununua, wao wanangoja upande wa pili wa barabara.

Nikaenda kwa mganga, kule Lagangabilili. Kwa nini nifiche? Ukizama unashika hata nyasi. Akasema kuna mtu kachukua nywele zangu kwa kinyozi kazifukia, na mtu huyo ni mwanamke wa ukoo. Nikamwambia, mzee, hapo ishia, kwenye ukoo wangu wanawake wazee wamebaki wawili, mama yangu na shangazi, na mimi najua kwetu bibi akitajwa hivyo hachelewi kukatwa mapanga. Usinitajie jina. Nipe ya kupaka tu. Akanipa uji mweusi. Ulinichoma kichwa kikatoa malengelenge, nikalala kifudifudi wiki nzima, Minza ananipepea na mfuniko wa ndoo.

Mvua za kwanza ziliponyesha, nesi mmoja wa hapa mjini akaniambia kwamba hospitali kubwa ya Mwanza kuna madaktari wa ngozi wanafanya utafiti wa watu wanaodondoka nywele, wanataka kujua zinadondoshwa na nini, na zikidondoka mtu anakuwaje. Nikapanda basi la alfajiri.

Ile sehemu ya kusubiri sitaisahau. Mabenchi ya mbao, ukuta wa kijani, na watu wote wamevaa kitu kichwani. Kofia, vilemba, mawigi, mmoja kavaa helmeti ya pikipiki na hana pikipiki. Hakuna anayemtazama mwenzake. Tumekaa kama watu wanaongojea kuitwa mahakamani. Pembeni yangu alikaa mama mmoja mwalimu. Joto lilipozidi akasema kwa sauti, "Jamani, hapa tunamficha nani?" Akavua kitambaa. Kichwa chake kilikuwa kama changu. Nikavua kofia. Yule wa helmeti akavua. Nakwambia, ule upepo wa feni uliopita juu ya vichwa vyetu, ilikuwa raha ya kwanza niliyoipata tangu wakati wa kupulizia. Tulicheka mpaka nesi akatoka kuuliza kuna nini.

Daktari alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu. Walinitoa damu, wakanikata kipande kidogo cha ngozi ya kichwa, kama punje ya mtama, wakakiweka kwenye chupa. Halafu akaja na karatasi za maswali.

"Mzee, huu ugonjwa umeathiri kazi yako?"

"Hapana. Andika hapana."

"Uhusiano na mwenzi wako?"

"Hapana. Mke wangu ananipenda."

"Na ndugu? Jamii?"

"Mimi ndugu zangu nawalisha. Hapana."

"Unakosa usingizi? Unajisikia huzuni?"

"Mimi? Hapana."

Akaweka kalamu chini. "Mzee, umetoka Bariadi na giza, umekaa benchi tangu asubuhi, kichwa kina makovu ya moto, na una hapana zote hizi?"

Nikaizungusha kofia mikononi. Akangoja. Hapo nikamweleza habari ya mayu, yote, na sauti ikanikatika mbele ya mtoto wa watu. Akaandika pembeni ya karatasi, maana kwenye maswali yake hapakuwa na sehemu ya jambo kama lile.

Mambo ya kitaalamu sitayaweza. Walichoniambia ni kwamba siyo dawa ya pamba, siyo ukimwi, siyo mtu. Mwili wangu wenyewe ndio unazishambulia nywele zangu kana kwamba ni adui. Kwa nini, ndicho wanachokitafuta. Na kwamba zinaweza kurudi, zinaweza zisirudi. Nilikasirika kuliko alipotajwa mchawi. Mchawi unaweza kumchukia. Mwili wako utaufanyaje?

Wakaanza sindano. Siyo moja, ni nyingi ndogo ndogo, zinadungwa kwenye ngozi ya kichwa na juu ya mdomo, safu kwa safu kama unavyodondosha mbegu. Juu ya mdomo ndiyo mbaya. Mimi nimepigwa pembe na ng'ombe ubavuni, lakini pale nilishika mkono wa nesi kama mama anayejifungua. Kila baada ya wiki kadhaa, basi, benchi, sindano, basi. Wakati watu wanapalilia mimi nipo Mwanza. Pamba inatoa maua, nipo Mwanza. Yule mwalimu zake zilianza kuota, yule wa helmeti aliacha kuja, na hatukujua yuko wapi.

Mvua zikiwa mwishoni Minza alikuwa ananipaka mafuta kisogoni. Akasimama. "Baba Kulwa, tulia." Akapeleka kichwa changu kwenye mwanga wa dirisha. "Kuna kitu." Vilikuwa vinyoya vyeupe, laini, kama vya kifaranga. Wiki chache mbele vikaja vichache juu ya mdomo, upande wa kulia, pale pale ulipoanzia ugonjwa. Vyeupe pia. Minza alikaa chini sakafuni akalia. Mimi sikulia, niliomba kioo.

Daktari alifurahi kunishinda. Akapiga picha za kila upande, akasema, "Mzee, usinyoe, usikate, usiguse. Hizi tunazifuatilia kwenye utafiti. Safari ijayo tunapiga tena picha tulinganishe."

Nilitoka Mwanza sikupitia nyumbani. Nilikwenda Kimali.

Mayu alikuwa amelala, amevimba mpaka tumboni, na macho yalikuwa yanaona kivuli tu. Jilala akamwambia, "Mayu, kaka kaja. Ana nywele." Akanyoosha mkono. Nikapiga magoti nikainamisha kichwa. Vidole vyake vikapita, vikapita, havikuona kitu, mpaka kisogoni. Vikasimama hapo.

"Hizi ndizo nywele?"

"Ndiyo, mayu."

"Ulizaliwa hivi hivi. Mpaka ukatembea huna kitu. Wenzangu walinicheka kwamba nimezaa bakuli." Akashusha mkono usoni, akagusa juu ya mdomo. "Na hapa?"

"Yanaanza."

"Machache."

"Yataongezeka. Nachomwa sindano."

Akavuta pumzi kwa shida, halafu akasema, "Ulinisemea kwa watu wote kwamba haya ni ya siku yangu. Basi yaharakishe, baba. Mimi sina muda wa kungoja."

Jilala akatoka nje. Mimi nikasema, "Nayaharakisha, mayu."

Akafa msimu wa kuvuna, pamba ikiwa nyeupe mashambani na watu hawana nafasi. Walikuja hata hivyo. Wengine waliuliza kwanza kama safari hii ni kweli. Tukamzika mchana. Asubuhi iliyofuata watoto tukakaa chini kwenye turubai tunyolewe. Siku hizi kila mtu anakuja na wembe wake, kwa sababu ya maradhi, nami nilikuwa nimenunua wangu kwenye kibanda cha pale njia panda. Anayenyoa ni shangazi, dada yake baba. Akamaliza Jilala, akamaliza dada zetu, akafika kwangu. Nikavua kofia, nikampa wembe.

Akanitazama. "Sasa wewe nikunyoe nini, mwanangu?"

Watu wakaangalia chini. Nilimkumbuka daktari na picha zake. Nilikumbuka safu zile za sindano. Nikasema, "Nyoa zilizopo."

Akaanza na kisogo. Halafu akashika kidevu changu, akainua, akapitisha wembe juu ya mdomo mara mbili. Zilizodondoka kwenye kitambaa zingeenea kwenye kijiko cha chai. Nilidhani amemaliza, nikataka kuinuka, akanikandamiza bega. Akalowesha kichwa changu chote maji, akapitisha wembe juu ya upara mtupu, polepole, upande mpaka upande, kama alivyowafanyia wengine. Hakuna alichokata. Alitaka nikae pale muda waliokaa wenzangu. Mtu asiye na kope machozi hayana pa kushikia. Yalimwagika tu.

Mwanza daktari alitoa kamera, akaniona, akaishusha.

"Mzee! Tulikubaliana nini?"

"Nimefiwa, daktari. Na mayu."

Akaiweka kamera mezani. Akavuta karatasi zangu, akaandika muda mrefu, na picha hakupiga.

Sasa hivi nywele zimerudi nusu, kisogoni na pembeni, nyeupe. Nyusi zimerudi. Juu ya mdomo hakujaota kitu tena, na daktari hasemi pataota. Ukutani mwa duka masharubu bado yamechorwa. Fundi alitaka kuyafuta, nikakataa. Wewe unayeanza leo, nenda hospitali mapema, usichome kichwa chako na uji wa mtu, na ukifika kwenye lile benchi vua kofia wa kwanza. Kuhusu nywele zenyewe sikuahidi, maana na mimi sikuahidiwa.

Watu huniuliza jumla imenigharimu kiasi gani, wakijua mimi ni mtu wa hesabu. Nauli, vipimo, sindano, mafuta, yule wa Lagangabilili, vyote pamoja ni milioni mbili, laki saba, elfu arobaini na mia mbili. Hiyo mia mbili ni ya wembe.